Barua ya wazi: Mwenye kesi ya madai aambiwe angali dirishani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Sheria. Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu. Kwa Bodi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kwa viongozi wa Chama cha Mawakili katika tawi letu la Bonde la Ufa. Na kwa Gavana na Wawakilishi Wadi wa Kaunti ya Nakuru.

KUH: MSAADA WA KISHERIA KWA WENYE KESI ZA MADAI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kaptembwo, hapa jijini Nakuru. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31. Tangu nistaafu nimekuwa msaidizi wa kisheria wa mtaa, wale ambao majirani wanatuita maparalegali. Sina digrii ya sheria. Nina mafunzo, cheti, daftari la kurasa 200 na benchi moja mbele ya poshomili, ambako watu hunikuta kila Jumamosi. Wengi huja na bahasha. Nimejifunza kuziogopa bahasha hizo, nanyi mtaona sababu.

Bwana mmoja alikuja baada ya mvua, viatu kavishika mkononi. Alikuwa amekata maua kwenye grinihausi upande wa Naivasha kwa miaka 9. Asubuhi moja aliambiwa kwa mdomo tu kwamba kazi yake imekwisha. Hakupewa barua wala nafasi ya kujieleza. Aliketi, akatoa bahasha ya kaki kifuani, akaniwekea mapajani. Ndani mlikuwa na shilingi 38,400. Sehemu ilitoka kwa chama cha mkewe, sehemu kwa mbuzi wawili aliowauza, na iliyobaki kwa harambee ndogo nyumbani kwa kaka yake huko Molo. Wakili aliyemwendea alitaka malipo ya kwanza kabla ya kufungua faili, naye hakumlaumu, maana wakili pia hula kwa jasho lake. Akaniambia, “Mwalimu, sasa pesa zimetimia. Nionyeshe wakili mzuri.”

Nikamuuliza alifutwa tarehe ngapi. Akaitaja bila kusita, maana mtu haisahau siku kama hiyo. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalamu, nikageuza ukurasa nikahesabu mara ya tatu. Ilikuwa imepita miaka 3 na wiki 7.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 ya kufungua kesi. Ikishapita, hata jaji mwenye huruma hawezi kumwongezea siku moja. Bwana yule alitumia miaka hiyo yote kutafuta pesa za kuingilia mlangoni, na alipozipata, mlango ulikuwa umefungwa wiki saba zilizopita. Nilimrudishia bahasha yake. Sitaeleza uso wake ulivyokuwa.

Kilichoniuma zaidi ni yale niliyoyagundua tulipoendelea kuzungumza. Alikuwa amefika mara mbili katika ofisi moja ya umma, jina lake likaandikwa kitabuni, naye akaamini kwamba jina likishaingia kitabuni basi kesi imeanza kuhesabiwa. Hakujua kwamba mazungumzo ya usuluhishi hayaisimamishi ile saa ya miaka 3. Hakujua kwamba sheria inamruhusu kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu kufutwa, bila wakili. Hakujua kwamba mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu, si lazima apande hadi Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Hakujua kwamba angeweza kufungua kesi mwenyewe kwa jina lake na kumtafuta wakili baadaye. Na kila mwezi kwa miaka 9 alikuwa akikatwa ada ya chama cha wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo kina makao yake makuu hapa hapa Nakuru, lakini haikumjia akilini hata siku moja kwamba ada ile ilikuwa imemnunulia mtu wa kumsemea.

Kwa hiyo, waheshimiwa, pesa hazikuwa ndizo zilizomkosesha haki. Alikosa mtu wa kumwambia, siku ya kwanza alipofika kwenye dirisha la kwanza, maneno machache tu kwa Kiswahili: una hadi tarehe fulani, hiki unaweza kukifanya bila pesa, na kwa hili nenda kwa fulani. Ombi langu lote katika barua hii ni hilo.

Mtu aliyeshtakiwa kwa jinai, Katiba yetu ya 2010 inamwangalia. Kifungu cha 50 kinasema apewe wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila wakili atadhulumiwa vibaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria, namba 6 ya 2016, inaiamuru mahakama imwarifu mshtakiwa asiye na wakili kwamba ana haki ya kuomba msaada. Ni sheria njema, na simwonei wivu mtu anayekabiliwa na kifungo. Lakini mjane anayetolewa kwenye boma la marehemu mumewe hajashtakiwa kwa jinai. Kijana wa boda aliyevunjwa mguu na gari la watu hajashtakiwa kwa jinai. Hao huitwa wadai, na amri ile ya kuarifiwa haiwataji.

Ilhali Sheria hiyo hiyo ya 2016 imewafungulia mlango! Inasema wazi kwamba msaada wa kisheria ni wa kesi za madai pia, na za watoto, na za Katiba, na zile zinazogusa maslahi ya umma. Imeunda Huduma ya Kitaifa ya kuusimamia, na Mfuko wa kuugharamia. Imewataja wasiojiweza, watoto, wakimbizi, waliohamishwa makwao ndani ya nchi, watu waliouzwa kama bidhaa na wasio na uraia. Na imetaja yasiyohusika katika upande wa madai: kesi za kampuni, za kodi, za kufilisika, za kuharibiana jina na za kudai madeni. Nne nimezielewa. Hiyo ya madeni iliniuma nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu mama mboga anayemdai mtu mwenye hoteli shilingi 60,000 si tajiri kwa kuwa eti anadai. Baadaye niliona kwamba mama huyo ametengewa njia nyingine, nitaieleza hapa chini. Ila yeye mwenyewe haijui.

Kabla ya hapo, niruhusuni niseme yaliyonipata mimi.

Mume wangu alipofariki aliniachia ploti, akiba ndogo ya benki na watoto wanne. Nilikwenda katika mahakama moja, sitaitaja, kuuliza kuhusu urithi. Nje ya lango nilikutana na bwana mmoja mwenye tai na faili nyekundu, akaniita mama kwa adabu, akanieleza mambo kwa sauti ya mtu anayejua. Alinitoza shilingi 25,000. Risiti aliiandika kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Miezi 14 nilimpigia simu, na kila mara faili ilikuwa “kwa jaji”. Siku nilipoingia mwenyewe kuuliza, karani alitafuta, akatafuta tena, akaniambia hakuna faili yenye jina la mume wangu katika jengo lile. Yule bwana hakuwa wakili. Alikuwa broka.

Karani yule, Mungu ambariki, alifunga dirisha lake wakati wa chakula cha mchana akanieleza kwa dakika ishirini yale ambayo ningetakiwa kuambiwa miezi 14 nyuma. Kwamba nianze na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Kwamba zipo fomu maalum, na hati za kiapo, na kwamba zikishakubaliwa tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kwamba yupo Mdhamini wa Umma, chini ya Mkuu wa Sheria, ambaye kazi yake ni kusimamia mali ya marehemu kwa watu wasio na njia nyingine. Kwamba jina la wakili yeyote laweza kutafutwa kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kuona kama ana leseni ya mwaka huo, na kwamba wakili halisi akikukosea ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Nilijaza fomu zangu mwenyewe. Mwalimu hawezi kushindwa na fomu. Nilipata usimamizi wa mirathi bila wakili na bila broka, na siku ile ndipo nilipoamua kwamba nikistaafu nitaketi kwenye benchi niwaeleze wengine.

Dakika ishirini za karani mmoja ziliniokolea ploti. Hakuwa amelazimishwa na kifungu chochote. Je, kama angekuwa amekwenda kula?

Sasa nirudi kwa mama mboga. Sheria ya Mahakama za Madai Madogo ni ya 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Leo ipo hata hapa Nakuru. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1: bidhaa zilizouzwa zisilipwe, kazi iliyofanywa bila malipo, pesa zilizokabidhiwa zisirudishwe, mali iliyoharibiwa. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Mtu anajitetea mwenyewe, na asipoweza kufika anaweza kuwakilishwa na mtu aliyemwidhinisha, hata kama si wakili. Mashamba na mambo ya ajira hayaingii humo. Nimeketi nyuma katika chumba hicho nikamwona fundi wa viatu akimhoji mtu aliyekataa kumlipa, tena kwa Kiswahili chake cha kawaida, na mwamuzi akamsikiliza hadi mwisho. Nilitoka mle nimenyooka mgongo. Lakini kwa kila fundi kama yule, nina watu katika daftari langu waliosamehe shilingi 40,000 au 90,000 kwa sababu waliamini wakili angezila zote.

Halafu lipo Agizo la 33 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010. Ningependa lipakwe rangi ukutani. Linasema mtu asiye na uwezo wa kulipa ada ya mahakama anaweza kuomba aruhusiwe kushtaki kama maskini. Anaandika ombi, anaorodhesha mali yake na thamani yake, analipeleka mwenyewe kwa miguu yake, na mahakama inapima. Akikubaliwa, ada ya kufungua inasamehewa, na akishinda, ada hiyo hukatwa kwenye kile alichoshinda au hulipwa na aliyeshindwa. Halimpi wakili, ni kweli. Linamwingiza ndani kabla saa haijaisha, na huko ndani ndiko mengine hutafutwa. Na wanaoshtaki kwa kuvunjiwa haki za msingi chini ya kifungu cha 22, Katiba inasema wasitozwe chochote kwa kufungua. Nimewauliza watu wengi wanaopita kwenye benchi langu kama wamewahi kusikia habari za Agizo la 33. Mmoja alidhani ni mstari wa Biblia.

Yapo na mengine. FIDA, wanawake mawakili, wamekuwa wakiwasaidia akina mama tangu 1985, tena huwafundisha kujitetea wenyewe kortini. Wana ofisi Kisumu, na kwa mama wa Kuresoi nauli ya Kisumu ni pesa, lakini ni pesa ndogo kuliko zile anazompa broka. Upo upatanishi unaofanywa chini ya mahakama yenyewe, ambapo mpatanishi halipwi na wenye kesi. Yupo Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa mtu aliyeumia kazini. Mahakama ya Juu ilithibitisha Desemba 2019 kwamba madai hayo yaanzie huko, si kortini, na mtu akikimbilia kortini kwanza anapoteza muda. Ipo Tume ya Haki za Kiutawala kwa anayezungushwa na ofisi ya Serikali. Na sisi wa Nakuru tuna bahati ya vyuo viwili vinavyofundisha sheria, Kabarak na Egerton, na Sheria ya Msaada wa Kisheria inavitambua vyuo vinavyoendesha kliniki za msaada huo. Vijana wale wana nguvu na wana vitabu. Wanachokosa ni meza kwenye ukumbi wa mahakama, pale watu walipo.

Nazungumzia pesa sasa, maana mwisho wa yote baadhi ya kesi haziendi bila wakili, na mimi si mtu wa kuwadanganya watu kwamba zinaenda. Kesi ya shamba haiendi. Nakuru ni nchi ya mashamba ya kampuni: wazee walinunua sheya baada ya uhuru, wakapewa kadi na risiti, wengine wakaonyeshwa vipande kwa vigingi, na leo wajukuu wanashika karatasi zilizofifia mbele ya mtu mwenye hati miliki. Hapo pana utafutaji wa rekodi, pana ripoti ya mpima ardhi, pana mashahidi wazee wa kulipiwa nauli kutoka Subukia na Njoro. Nimeona familia ikiuza nusu ya shamba ili kuipigania nusu nyingine. Nimeona kaka akimlipia dada wakili, kisha akadai shamba lote liandikwe kwa jina lake kama fidia.

Na wanaingia vitani bila kuambiwa gharama za kushindwa. Kwa kawaida, chini ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, anayeshindwa hubeba gharama za mwenzake. Mzee mmoja wa Bahati alilijua hilo siku madalali walipofika kuhesabu ng'ombe wake. Alikuwa amedhani kushindwa ni kurudi nyumbani tu.

Wapo wanaoniuliza, kwa nini nisimpate wakili ambaye tutagawana tukishinda, na tukishindwa asinidai? Nawaambia Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, hairuhusu mapatano ya kumlipa wakili wa kesi pale tu itakaposhinda. Naelewa hofu iliyoleta kifungu hicho: wakili akiwa mwenye hisa katika kesi, anaweza kuisahau haki ya mteja akaifuata hisa yake. Lakini mapatano hayo yanafanyika gizani kila siku, hasa kesi za ajali, na kwa sababu yako gizani mteja hana karatasi. Fidia inatoka, anapewa anachopewa, na hawezi kumshtaki mtu kwa mapatano ambayo sheria haiyatambui. Siwaombi mkifute kifungu hicho kesho. Naomba Chama cha Mawakili kiwe na fomu moja ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, inayoonyesha ada yote, malipo ya awamu kwa awamu, na nani atabeba nini kesi ikishindwa, na kila mteja wa madai apewe nakala yake siku anayotoa shilingi ya kwanza.

Nataka pia kusema kuhusu kompyuta. Tangu Machi 2024 mahakama zote nchini zimehamia kwenye kufungua kesi kwa mtandao. Wenye ofisi wamefurahi, na mimi nafurahi kwamba faili haziwezi tena kupotea chini ya meza. Lakini mtu wa Kaptembwo hufungua kesi yake saiba, kwenye duka la intaneti. Kijana wa saiba anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya kijana mwenyewe, anamchajia kwa kila ukurasa anaoskani, na taarifa za kesi zinaingia kwenye simu ambayo si ya mwenye kesi. Nimemkuta mama aliyekosa tarehe mbili za kusikilizwa kwa sababu kijana alihamia Eldoret. Broka wa zamani alisimama langoni akiwa na faili nyekundu. Wa sasa ameketi mbele ya skrini, na pengine hana hata nia mbaya.

Basi nawaomba haya, na kila mmoja ajue lake.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, ile amri ya kumwarifu mshtakiwa wa jinai haiwezi kukuzuia kuwaagiza makarani wamwarifu na mwenye kesi ya madai. Naomba kila anayefika dirishani bila wakili apewe karatasi moja ya Kiswahili, na palipo lugha nyingine asomewe, yenye mambo matatu: tarehe ya mwisho ya aina yake ya kesi, njia ya Agizo la 33, na ofisi za kumsaidia katika kaunti hiyo. Miaka 3 kwa ajali na kwa ajira, miaka 6 kwa mkataba, miaka 12 kwa shamba. Maneno hayo yangeandikwa kwa herufi kubwa kama yale ya “usivute sigara”, yule bwana wa maua angekuwa na kesi leo. Naomba pia kompyuta moja na mtu mmoja katika kila mahakama kwa ajili ya wasio na wakili, ili mwenye kesi afunguliwe akaunti yenye namba yake mwenyewe ya simu.

Mheshimiwa Mkuu wa Sheria na Bodi ya Huduma, Mfuko upo kisheria. Tuambieni kila mwaka, kaunti kwa kaunti, umepokea shilingi ngapi, na katika hizo ngapi zimelipia kesi za madai. Nakuru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofanyiwa majaribio ya NALEAP, ule mpango uliotangulia Huduma hii, kwa hiyo sisi si wageni wa jambo hili na tuna haki ya kuuliza limefika wapi. Pangeni fungu la madai peke yake, hata likiwa dogo, maana ambapo chungu ni kimoja na mtu wa kifungo yuko njiani, mjane atasubiri daima. Na fungu hilo lilipe vitu vidogo pia. Mara nyingi kesi haifi kwa kukosa wakili, inakufa kwa kukosa ripoti ya daktari ya shilingi elfu chache, au utafutaji wa rekodi ya ardhi, au nauli ya shahidi mmoja.

Viongozi wa Chama cha Mawakili, wiki yenu ya uhamasisho ya kila mwaka ni nzuri, hujaza ukumbi na uwanja wa mahakama, na nimewaleta watu kwenu. Ila watu hawafukuzwi kazi wala kugongwa na magari katika wiki moja ya mwaka. Tupeni Jumamosi moja kila mwezi, mawakili wawili tu, mmoja Kaptembwo na mmoja Bondeni au Free Area. Sisi tutaandaa chai na kupanga foleni, na tutakuwa tumeshasoma karatasi za watu kabla hamjafika.

Mheshimiwa Gavana, na nyinyi Wawakilishi Wadi, ofisi za wadi zina kuta. Bandikeni karatasi ile humo. Kuna jambo jingine linalowahusu hasa watu wa ploti: mtu akisikia fununu kwamba ndugu yake anauza ardhi ya familia, anaweza kwenda kwa msajili wa ardhi kuomba iwekwe kaushen, ardhi isihamishwe kabla hajasikilizwa. Ni hatua ya gharama ndogo kuliko kesi yoyote itakayofuata. Watu huja kwangu kuniuliza habari za kaushen wakati mnunuzi ameshajenga hadi linta. Mikutano yenu ya hadhara ina vipaza sauti. Litangazeni.

Najua mtasema bajeti. Katiba, kifungu cha 48, imeiweka juu ya Serikali kazi ya kuhakikisha kila mtu anaifikia haki, na ikasema kama pana ada basi iwe ya kadiri, isiwe kizuizi. Karatasi moja haihitaji bajeti ya ziada. Makarani wapo, mashine za kutoa nakala zipo, Kamati za Watumiaji wa Mahakama zipo na zinaweza kulijadili jambo hili kwenye kikao kijacho. Mimi mwenyewe nimeshaandika rasimu yake kwa mkono, upande mmoja wa karatasi, nikaisoma kwa mama muuza samaki asiyemaliza darasa la nne. Aliniuliza swali moja tu, nami nikabadilisha sentensi hiyo. Nitaileta nikiitwa.

Jumatatu hii, saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye benchi la mahakama pamoja na kijana wa boda kutoka Rhonda. Aligongwa na gari barabarani, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti, na tangu atoke hospitali amekuwa akichangiwa ili apate malipo ya wakili. Bahasha yake ina shilingi 11,200. Tumehesabu tarehe pamoja, mara tatu. Amebakiza wiki 11. Ombi la Agizo la 33 tumelijaza, na kwenye orodha ya mali ameandika pikipiki iliyoharibika, kitanda, redio na magongo mawili. Kwa kuwa sheria inataka alipeleke mwenyewe, ataingia mwenyewe, na mimi nitamshikia mlango.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu na msaidizi wa kisheria,
Kaptembwo, Nakuru.